Mbegu Iliyopandwa Mahameni

Mwanangu Nasra, kwa majuma mawili ya masika yale nililala na swali moja na kuamka nalo: kwa nini yale mahindi ni ya kijani? Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaenda kunywa chai. Mimi nilikuwa nasimama ukingoni mwa shamba, miguu ndani ya umande, nikiyatazama kama unavyomtazama mgeni uliyemkuta amekaa sebuleni na hukumbuki kumfungulia mlango. Yalikuwa mahindi mazuri. Majani mapana, kijani kile kizito kinachokaribia weusi. Na hayakuwa na sababu ya kuwa hivyo, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeyanyima mbolea.

Najua utacheka nikikuita mwanangu. Tumepishana miaka saba tu, na kitenge changu cha njano bado unacho. Lakini kwetu Uluguru mtoto wa dada ni mtoto wako, huna jina jingine la kumwita. Uliponipigia simu juzi kuniambia kwamba chuo kinawapeleka shamba kwa mara ya kwanza, kwamba umeshanunua buti na daftari la jalada gumu, nilijihisi nimezeeka pale pale niliposimama. Nikasema ngoja nimwandikie kama mama, kabla hajafika nilikokosea.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Baada ya kukaa nyumbani Kilakala miezi mingi nikifikiria kila barua ya maombi ya kazi niliyoituma, na kama nilipaswa kuandika "wako mtiifu" au "wako katika ujenzi wa taifa", mradi mmoja wa mbolea ulinichukua kwa mkataba wa muda. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuielezea. Kuna chakula cha mimea kinachoitwa zinki. Mmea unakihitaji kidogo sana, kama chumvi kwenye mboga, lakini kikikosekana kila mtu atajua. Nilitakiwa nipande mbegu tatu za mahindi, kila moja vipande kadhaa, nusu vyenye zinki na nusu bila, kisha nitazame ipi inaitikia na ipi haiitikii. Mbegu ya kwanza ilikuwa chotara ya mfuko, ile ya kununua kila msimu. Ya pili ilikuwa mbegu bora ya kawaida, ambayo mkulima anaweza kuhifadhi na kuirudia. Ya tatu ilikuwa mbegu ya kienyeji, mahindi meupe mafupi ambayo wanawake wa pale wamerithishana kutoka kwa mama zao.

Shamba, pamoja na ile mbegu ya tatu, vilikuwa vya Bibi Mwanahawa, katika kijiji kilicho chini kidogo ya Kinole. Unapajua palivyo. Ukungu unashuka mchana kweupe, unapita kati ya migomba polepole kama mtu anayetafuta mbuzi wake, unasimama, unatazama, unaendelea. Hewa inanukia mdalasini hata pale ambapo huuoni mti wenyewe. Siku za kwanza nilikuwa nikifika asubuhi kwa bodaboda kutoka mjini nashindwa kusema kwa uhakika kama nimeamka. Nilikuwa nashuka, naiacha pikipiki inapotea kwenye ukungu, nasikia sauti yake tu ikiteremka, halafu kimya, halafu jogoo mahali fulani ambapo hapaonekani.

Siku ya kupima, Bibi alikuja akasimama kando yangu, mikono nyuma, akanitazama nikivuta kamba na kupigilia vigingi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye macho ambayo hayapepesi.

"Haya, mtaalamu wa kamba," alisema. "Unalipimia shamba langu nguo?"

Nikacheka kwa adabu. Nikamweleza kwamba nimepiga kura kwa karatasi, na kura ndizo zilizopanga mbegu ipi ikae wapi, zichanganyike shamba zima ili pasiwe na mbegu iliyopendelewa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hizo nyingine weka unapotaka. Yangu inapandwa mahameni."

Mahame palikuwa pembe ya chini ya shamba, mahali iliposimama zamani nyumba ya bibi yake mzaa mama. Nyumba ilishaanguka na kuliwa na mchwa kabla Bibi mwenyewe hajaolewa. Kilichobaki kilikuwa mafiga matatu yaliyozama nusu ardhini, na mpera mmoja uliopinda.

Nikasema, "Sawa, Bibi."

Hayo maneno mawili, Nasra, ndiyo hasa ninayotaka kukusimulia.

Sikumuuliza kwa nini. Moyoni nilishajijibu. Nilijiambia ni mila, labda ni mambo ya wahenga wao, na kumhoji mtu mzima juu ya mambo kama hayo ni kumkosea adabu. Niliona pia fahari fulani ndani yangu, nisikufiche. Niliona mimi si kama wale wasomi wanaokuja kijijini na kudharau. Mimi ni mtoto wa hapa. Naheshimu. Basi nikang'oa vigingi, nikakusanya vipande vyote vya mbegu yake, vyenye zinki na visivyo na zinki, nikavipeleka pamoja mahameni. Kwa msimamizi wangu mjini nikatuma ramani ile ile ya kura. Kwenye daftari langu niliandika mabadiliko, ndiyo, lakini kwa penseli, kwa herufi ndogo, pembeni mwa ukurasa, kama mtu anayenong'ona mbele ya watu ili baadaye aseme, mbona nilisema.

Mvua zikaja. Mahindi yakaota, na kwa muda kila kitu kikawa kizuri kama ndoto isiyo na mtu ndani yake. Halafu, majani yalipofika manne, matano, shamba likaanza kuzungumza. Chotara isiyopewa zinki ilitoa michirizi myeupe kila upande wa mshipa wa katikati ya jani, kuanzia chini kwenye shina kwenda juu, kama mtu aliyepitisha kidole chenye chokaa. Ikadumaa. Ukiitazama pamoja na ndugu yake aliyepewa zinki, hatua mbili tu pembeni, usingeamini zimetoka mfuko mmoja. Ile mbegu ya pili nayo iliugua, ila kwa kiasi. Nilikuwa napita kati ya mistari, majani yakinipapasa mikono, naandika, naandika.

Nikafika mahameni. Mahindi ya Bibi yenye zinki yalikuwa ya kijani. Mahindi ya Bibi yasiyo na zinki yalikuwa ya kijani vilevile. Nilirudi, nikasoma vibao, nikahesabu mistari upya. Nilidhani nimechanganya. Sikuwa nimechanganya.

Nilipompigia simu msimamizi wangu alifurahi mpaka akanipa hofu. "Mbegu ya kienyeji inayojitegemea!" alisema. "Unajua maana yake? Wakulima wasio na uwezo hawana haja ya kununua zinki kabisa. Tutawaonyesha siku ya shamba darasa."

Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Tena maneno mawili.

Ndipo yalipoanza yale majuma. Nilikwenda mahameni na jembe la mkono, nikachimba kidogo kando ya mpera, mahali ambapo sitaumiza mizizi. Udongo ulitoka mweusi, laini, unanukia kama jiko lililofungwa. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mkaa vidogo kama punje za pilipili manga, na kigae cha chungu chenye mistari iliyokwaruzwa na kucha ya mtu. Nilikishika kile kigae muda mrefu. Nikapanda juu kidogo, kwenye chotara, nikachimba tena. Udongo wa kahawia, wa kichanga, ukaniteleza kati ya vidole bila kuacha hata alama.

Nikajua. Au nikajua nusu, na nusu ile ndiyo iliyonitesa. Kama ardhi ya mahame ilikuwa imeshiba zamani, basi sikuwa nimepima mbegu, nilikuwa nimepima mahame. Lakini pengine mbegu nayo ina nguvu zake. Zipo mbegu za namna hiyo, tulifundishwa, zinazojua kujitafutia zinki pale nyingine zinaposhindwa. Nikisema nimekosea, na kumbe mbegu kweli ni shujaa, nitakuwa nimeivunjia heshima. Nikinyamaza, na kumbe ni ardhi tu, nitakuwa nimedanganya. Nikimuuliza Bibi, ataona namtuhumu. Nikimwambia msimamizi, mkataba wangu. Nilikuwa nazunguka hivyo, mwanangu, kama ng'ombe wa kukamua alizeti, na kila mzunguko niliuita kufikiri.

Asubuhi moja akaja Mama Shabani. Alikuwa jirani wa Bibi kwa upande wa juu, mama wa watoto wanne, na shamba lake lilikuwa moja tu, juu mgongoni mwa mlima, kichanga kitupu kinachong'aa jua likikipiga. Mahindi yake yalikuwa yanatoka na michirizi myeupe kila msimu. Alikuwa amejitwika tenga la majimbi, akasimama nalo kichwani bila kulitua, akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Mtaalamu, nambie kwa kifupi, maana nyie mkianza kueleza mnatuacha njiani. Nikiomba mbegu kwa Bibi nikapanda vuli bila hiyo chumvi yenu, nitavuna?"

"Inategemea, dada."

"Inategemea nini?"

"Bado tunachambua."

Akacheka mpaka tenga likayumba. "Chambueni basi upesi, hata mchicha hauchambuliwi hivi. Mimi nasubiri hiyo siku yenu ya shamba darasa. Utakalosema ndilo nitakalofanya. Sina shamba jingine la kujaribia maneno."

Akaenda zake. Ukungu ukamchukua kuanzia miguuni, tenga likabaki likielea peke yake kwa muda, kisha nalo likamezwa. Nilisimama pale. Mpaka siku ile swali langu lilikuwa na mimi ndani yake tu: mkataba wangu, jina langu, adabu yangu. Sasa lilikuwa na watoto wanne.

Ungedhani nilikimbia kwenda kusema ukweli. Sikukimbia. Nilingoja mpaka mahindi yakakomaa, mpaka siku ile ile ya shamba darasa ikafika, mpaka asubuhi yake, wakati tayari nasikia huko barabarani gari la mradi likipanda mlima kwa kulalamika. Ndipo nikaenda jikoni kwa Bibi.

Jiko lake lilikuwa chumba cha udongo chenye giza la moshi. Juu ya moto, kwenye fito, yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe jozi jozi, meusi kwa masizi ili dumuzi wasiyaguse. Moshi ulikuwa unapanda katikati yao taratibu, na mwanga wa mlango ukiufikia unageuka bluu. Bibi alikuwa anakoroga uji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Mbona umekonda? Ulikuja kulima mahindi au mahindi ndiyo yanakula wewe?"

Nikakaa kwenye kigoda. Nikasema kabla ya kupata nafasi ya kufikiri, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu. "Bibi, kwa nini mbegu yako inapandwa mahameni?"

Mwiko ukasimama. "Leo ndiyo unauliza?"

"Leo, Bibi."

"Miezi yote hii unanipita hapo mlangoni. Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, unapiga goti mpaka unatimua vumbi. Nikakwambia ipandwe mahameni, ukasema sawa. Nikajua huyu mtoto amesoma, anajua sababu. Kumbe hujui."

"Niliona ni mila. Niliogopa kukukosea adabu."

"Mila," alisema, akalirudia lile neno kama mtu anayeonja chumvi. "Yaani ukiona mila unaona walioianza hawakuwa na akili?"

Akageukia uji wake, akaendelea kukoroga, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Bibi yangu alipika pale miaka yote ya uhai wake. Jivu alimwaga pale. Samadi ya mbuzi pale. Maganda, maji ya kuoshea vyombo, mifupa, vyote pale. Ile ardhi imeshiba. Sasa mbegu ya ukoo tunailelea pale, ijaze punje, ipate nguvu, halafu tunawagawia mabinti wakapande kwenye ardhi zao zenye njaa. Pale ni pa kulelea. Si pa kujaribia. Wewe umekuja kupima njaa ya watoto watatu, mmoja umemkuta kashakula kwa bibi yake, ukaandika kwamba huyu hana shida na chakula."

"Na ikipandwa huko juu? Kwa Mama Shabani?"

"Inavumilia. Inavumilia kuliko hizo zenu za mfuko. Lakini anayevumilia njaa si kwamba ameshiba." Akamimina uji kwenye kikombe cha bati, akanipa. "Nikwambie kitu, na usinywe kwanza, nisikilize. Mimi heshima ya kunyamaziwa siitaki. Wanaonyamaziwa ni wafu. Mimi ningali hai, niulize."

Nimekemewa mara nyingi, mwanangu. Na walimu, na mama yako, na kondakta mmoja wa basi la Msamvu ambaye siwezi kumsahau. Lakini sijapata kukemewa kwa namna ile, kwa sauti ya chini, na kikombe cha uji mkononi. Nilikunywa ule uji wote. Ulikuwa na pilipili manga na ulinichoma mpaka machozi, ingawa sina hakika kwamba ni pilipili peke yake.

Watu walikuwa wameshajaa shambani. Wanawake wa kijiji na kanga zao, wanaume na mapanga kiunoni, bwana shamba, msimamizi wangu na kofia yake ya jua. Nikawapitisha kwenye chotara, nikawaonyesha mahindi yaliyodumaa na mengine yaliyoshiba zinki, masuke yakiwa yamejaa mpaka ncha. Wakaguna kwa kuridhika. Nikawapitisha kwenye mbegu ya pili. Kisha tukashuka mahameni, na kila mtu akaanza kunong'ona, kwa sababu habari ilikuwa imeshatangulia: mbegu yetu haihitaji kitu. Mama Shabani alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani.

Msimamizi akanitazama, akaitikia kwa kichwa kunihimiza. Nikaona kile kibao kilichoandikwa BILA ZINKI, kwa mwandiko wangu mzuri, herufi kubwa. Nikainama, nikakishika kwa mikono miwili, nikaking'oa.

Nikasema, "Hapa siwezi kuwaambia kitu kuhusu mbegu. Hapa niliharibu kazi."

Nikawaeleza yote. Kura, vigingi, mafiga, ramani niliyotuma ambayo si ya kweli. Nikachimba mbele yao udongo mweusi wa mahameni, kisha nikamwomba kijana mmoja wa kike akalete kiganja cha udongo kutoka kwenye chotara, tukaviweka pamoja juu ya kibao kile kile. Hawakuhitaji maelezo zaidi. Hao ni watu wa ardhi.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa akauliza, "Kwa hiyo gari lote hilo limepanda mlima kuja kutwambia hujui?"

"Nimekuja kuwaambia ninachojua na nisichojua, baba. Chotara kwenye ardhi ya hapa bila zinki inateseka, hilo najua. Mbegu ya Bibi kwenye kichanga sijui."

"Basi wewe wa kwanza," akasema. "Waliokutangulia wote walikuwa wanajua kila kitu."

Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko kile nikaweza kupumua. Mama Shabani hakucheka. Akasema, "Sasa mimi nipande nini?"

Hapo ndipo nilipoamua, Nasra, wala sikuzunguka. Nikamwambia, "Nipe pembe ya shamba lako vuli hii. Tupande zote tatu kwenye kichanga chako, pamoja na zinki na bila zinki, utaona kwa macho yako. Sehemu iliyobaki ya shamba weka zinki, usiache kwa sababu ya uvumi wa mahameni." Bibi, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mbegu nitatoa mimi. Na kura atapiga yeye, si mtaalamu wa kamba."

Tulipokuwa njiani kushuka, msimamizi wangu alinigeukia. Akavua kofia. "Ungeniambia siku ile ile ulipohamisha," alisema. Nikasema ndiyo. Nikafungua daftari, na palepale, gari likiruka mashimo, nikaandika juu ya ile penseli kwa kalamu ya wino. Mwandiko ulitoka mbaya kuliko wowote niliowahi kuandika. Ripoti ilikwenda bila mbegu ya tatu, na sababu yake ikaandikwa. Mkataba wangu haukuongezwa. Sijui kama ni kwa ajili hiyo au mradi wenyewe ulikuwa unaisha; nimelifikiria sana, unanijua, na siku moja nikachoka kulifikiria. Sasa niko duka la pembejeo Mwembesongo, ambako watu wananiuliza maswali kutwa nzima, na mimi nawauliza zaidi.

Lakini vuli ile nilipanda mlima kila Jumamosi. Mama Shabani alipiga kura kwa kuchota karatasi kwenye ungo. Mvua ikaja, ukungu ukaja, na mahindi yakasema yenyewe. Chotara isiyo na zinki ilipata michirizi myeupe na kubaki fupi; yenye zinki iliruka kama iliyoitwa kwa jina. Ile ya pili ilifuata, kwa upole zaidi. Ya Bibi isiyo na zinki ilianza vizuri, kana kwamba imebeba mkoba wa chakula kutoka mahameni, kisha ikapauka kidogo, ikasita, ikaendelea, ikazaa masuke madogo. Yenye zinki haikuruka. Ilibaki tu na kijani chake, na masuke yake yakajaa vizuri mpaka karibu na ncha.

"Kumbe na ya Bibi inakula," Mama Shabani alisema, akilimenya suke moja kwa kidole gumba. "Ila haina makelele."

Msimu uliofuata alipanda mbegu ya Bibi, akaipa zinki kidogo.

Basi, mwanangu, hayo ndiyo niliyotaka uyabebe pamoja na buti zako. Mbegu hazifanani kwa njaa wala kwa shibe, na huwezi kuijua mbegu kabla hujajua imesimama juu ya nini. Mahali unapokwenda utakuta mtu mzima atakayekwambia jambo lisiloingia kwenye ramani yako. Usilipuuze, na usilikubali kwa kuinama tu ukadhani umeheshimu. Kaa kwenye kigoda, muulize kwa nini, na umsikilize mpaka mwisho. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa lako halijafika kwenye shamba la mtu mwenye shamba moja. Na wasiwasi wako, maana najua umeurithi kwangu, usiuite kufikiri mpaka uwe umekufikisha mlangoni kwa mtu wa kumuuliza.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea kalamu ya wino. Penseli yako iache nyumbani. Mungu akufungulie njia, akupe macho ya kuona jani na udongo ulio chini yake. Akuweke karibu na wazee wasiochoka kukemea. Na kila utakachokipanda kikute ardhi iliyokwisha kukuandalia chakula. Amina.

Na kitenge changu ukirudishe.